Sura ya Nne: Kamanyola Bila Jasho

Januari 1960 wanasiasa wa Kongo waliitwa Brussels kukaa meza moja na Wabelgiji na kupanga tarehe ya uhuru. Ukasafiri pia ujumbe ambao haukuwa na kiti mezani: Joseph Kabasele, maarufu kwa jina la Grand Kallé, na vijana wake wa African Jazz, wakiongezewa nguvu na wenzao wa OK Jazz. Kazi yao ilikuwa kuwaburudisha wajumbe jioni. Ilipokubaliwa kwamba Kongo itakuwa huru tarehe 30 Juni, wanamuziki hao walitoka na wimbo, "Indépendance Cha Cha". Redio ikaubeba, na muda si mrefu ukawa unachezwa hata katika makoloni ambayo uhuru wake ulikuwa bado ndoto.

Wimbo huo uliwataja wanasiasa Kasavubu, Lumumba, Kalonji na Tshombe kwa pumzi moja, kana kwamba walikuwa ndugu wa tumbo moja. Bendera mpya ilikuwa imepepea siku 11 tu Tshombe alipotangaza kwamba jimbo la Katanga limejitenga. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba akauawa huko huko Katanga. Mwaka mmoja haujaisha vizuri tangu wimbo utungwe, na baadhi ya waliotajwa ndani yake walikuwa wamekwisha kumwagiana damu. Santuri, hata hivyo, iliendelea kuuzwa.

Watu wengi wamevunjwa moyo na nchi zao, na Wakongo si wa kwanza. Kinachoifanya habari yao istahili sura nzima ni kwamba nchi iliwaangusha mara nyingi, kwa namna nyingi, huku muziki ukizidi kupanda. Kwa miaka zaidi ya 30 barabara ziliharibika, mishahara ikachelewa na fedha ikapoteza thamani, lakini bendi ilipotangaza kwamba itapiga Jumamosi, Jumamosi ilipiga. Faraja waliyoipata Wakongo ilianzia hapo, kwenye kitu kimoja cha kwao ambacho hakikuvunja ahadi.

Mkuu wa jeshi, Mobutu, alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965, na si wachache walioshusha pumzi, maana vita na mizozo ilikuwa imewachosha. Nafuu hiyo haikudumu. Tarehe 2 Juni 1966 wanasiasa wanne, akiwamo waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba, walinyongwa hadharani katika mji mkuu mbele ya maelfu ya watu waliokuja kushuhudia. Walituhumiwa kula njama ya kuipindua serikali siku za Pentekoste.

Ndipo Franco Luambo, kiongozi wa OK Jazz, alipotoa "Luvumbu Ndoki", wimbo wa Kikongo kuhusu mchawi anayewala jamaa zake mwenyewe. Hakumtaja mtu. Hapakuwa na haja, kwani mji mzima ulijua anayesemwa. Santuri zikakusanywa na wakubwa, naye Franco akavuka mto kwenda Brazzaville kusubiri hasira zipoe. Tangu hapo wasikilizaji wa Kinshasa walijifunza kuusikiliza wimbo mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mapenzi yanayoimbwa, mara ya pili kutafuta nani anapigwa kijembe.

Oktoba 1971 nchi ikabadilishwa jina, ikawa Zaire. Majina ya Kikristo yakapigwa marufuku, suti na tai zikaachwa, wanaume wakavaa abakosti. Mwimbaji Rochereau akawa Tabu Ley, na Franco akajipa jina refu la kikwao. Mwanzoni wapo waliojivunia mambo hayo kwa dhati. Kisha, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire. Vingi viliishia mikononi mwa wakubwa na marafiki zao, rafu zikabaki tupu, na bei ya shaba duniani ilipoporomoka muda mfupi baadaye, maji yakazidi unga.

Jioni runinga ilifungua taarifa ya habari kwa uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. Kazini watumishi walipangwa kuimba na kucheza nyimbo za kumsifu. Mitaani watu walikuwa na sheria yao, Ibara ya 15, ambayo haimo katika katiba yoyote ya nchi hiyo na ambayo kila Mkongo anaijua: jisaidie mwenyewe. Mwalimu aliuza maandazi, askari aliuza ulinzi, karani aliuza muhuri. Watu wa Dar es Salaam, waliolipa jiji lao jina la Bongo kwa sababu bila kutumia bongo huishi, hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Wanamuziki nao walikuwa chini ya ibara hiyo hiyo, na hapa sifa lazima zipunguzwe. Franco, aliyekimbia mwaka 1966, baadaye alitunukiwa nishani na Mobutu na kukabidhiwa Mazadis, kiwanda cha kuchapa santuri. Mwaka 1978 akatupwa jela kwa nyimbo mbili zilizodaiwa kuwa na matusi. Alipotoka aliimba juu ya fundi cherehani aliyenyang'anywa sindano, na wasikilizaji wengi walimtambua ndani yake Kengo wa Dondo, mwanasheria mkuu aliyempeleka jela na ambaye naye alikuwa amepoteza cheo. Kisha mwaka 1984, Mobutu akiwa mgombea pekee wa urais, Franco alitoa santuri nzima ya kumpigia debe, "Candidat na Biso Mobutu". Mtu huyo mmoja alikuwa mshairi wa wanyonge na mpiga tarumbeta wa ikulu, na Kinshasa ilimpenda hivyo hivyo. Alipofariki Oktoba 1989 nchini Ubelgiji, taifa liliingia katika maombolezo rasmi.

Ilikuwaje watu wasimtupe? Jibu limo katika namna wimbo wenyewe ulivyojengwa. Chukua santuri yoyote ya Kikongo ya miaka ya 1970. Nusu ya kwanza inakwenda taratibu: mwimbaji analalamika, wenzake wanamwitikia, gitaa la rizimu linatembea, besi inashikilia chini, tumba zinasukuma bila haraka. Maneno yanahusu mke aliyeondoka, rafiki aliyesaliti, fedha iliyokwisha. Kisha unakuja mkato mfupi. Waimbaji wananyamaza au wanabaki wakiita majina, solo linapanda juu, na magitaa mawili au matatu yanaanza kusukana, kila moja likiwa na sentensi fupi linayoirudia na kuibadilisha kidogo kidogo. Kinshasa huiita sehemu hiyo sebene. Wapenzi wa muziki wa dansi Tanzania huiita chemko. Aliyekaa anainuka.

Msiba uliosimuliwa katika nusu ya kwanza haukanushwi katika nusu ya pili. Mke hajarudi, fedha haijapatikana. Kilichobadilika ni kwamba mtu anayabeba hayo akiwa amesimama, kati ya watu wengine waliosimama. Nyimbo za chama zilimtaka mwananchi aseme kwamba mambo ni mazuri. Rumba ilimruhusu aseme kwamba mambo ni mabaya, kisha ikamchezesha.

Muziki huo ulikuwa na sifa nyingine ambayo shaba haikuwa nayo: uliweza kuvushwa mpakani ndani ya sanduku la gitaa. Kusini-mashariki mwa nchi, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, watu walikwisha kuzungumza Kiswahili, na njia za kwenda Zambia na Tanzania zilikuwa karibu kuliko Kinshasa yenyewe. Nairobi kulikuwa na studio na mitambo ya kuchapa santuri. Dar es Salaam hapakuwa na kiwanda cha santuri, lakini palikuwa na Radio Tanzania iliyorekodi bendi na kuzipiga nchi nzima, na kumbi zilizojaa watu.

Freddy Ndala Kasheba alikuja Dar es Salaam na gitaa lake la nyuzi 12 na kuweka makazi huko. Maquis du Zaire walihamia Dar es Salaam mwaka 1972 wakiongozwa na Chinyama Chianza. Super Mazembe waliingia Nairobi mwaka 1974. Mwaka uliofuata akafika Baba Gaston, mzaliwa wa Likasi, na mwaka 1976 baadhi ya vijana wake wakajitenga na kuunda Les Mangelepa. Baba Gaston ndiye aliyewaachia Wakenya "Kakolele", wimbo ambao mpaka leo redio za nchi hiyo huufufua kila Krismasi inapokaribia. Samba Mapangala, mtoto wa Matadi, bandari ya mto Kongo upande wa magharibi, alipitia Kampala kabla ya kufika Nairobi mwaka 1977, na bendi aliyoiunda huko aliiita Virunga, kwa jina la milima ya volkano ya mashariki mwa Kongo.

Maquis walifanya zaidi ya kupiga. Bendi iliunda kampuni, OMACO, ikawa na mashamba na miradi, na wanamuziki walikuwa wanahisa. Watu waliotoka katika nchi ambako mali ya umma iligawanwa na wakubwa walijaribu kuendesha ya kwao kwa hesabu inayoonekana.

Nao ndio waliokuja na mtindo wa Kamanyola. Kwa aliyezaliwa Sinza au Magomeni lilikuwa jina tamu la kuchezea. Kwa Mzaire lilikuwa na historia nzito. Kamanyola ni mji mdogo katika bonde la Ruzizi, karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi, ambako, kwa masimulizi ya serikali ya Zaire, Mobutu mwenyewe aliwaongoza askari na kuwashinda waasi mwaka 1964. Ushindi huo ulikuzwa mpaka ukawa nguzo ya hadithi yake. Jeshi likawa na divisheni ya Kamanyola. Meli ya kifahari ambayo rais alistarehe ndani yake, akielea juu ya mto Kongo, nayo iliitwa Kamanyola. Katika kumbi za Dar es Salaam jina hilo lilinyang'anywa magwanda yake. Mashabiki wakalichezea kwa mabega na kulikamilisha kwa mzaha: Kamanyola bila jasho. Ikulu ya Kinshasa haikuwa na la kufanya.

Kuhama, hata hivyo, hakukuwa mteremko. Wanamuziki wa Kizaire waliishi kwa vibali, na vibali vilikuwa na mwisho. Katikati ya miaka ya 1980 Kenya iliwabana wanamuziki wa kigeni na bendi kadhaa za Nairobi zikasambaratika. Walioikimbia nchi iliyowachosha waligundua kwamba nchi ya ugenini nayo ina kaunta yake, karani wake na muhuri wake.

Aliyelieleza jambo hilo vizuri kuliko wote ni Ramadhani Mtoro Ongala, aliyejulikana kama Remmy. Alizaliwa mwaka 1947 katika eneo la Kindu, mashariki mwa Kongo, mji ambao vita vya miaka ya 1960 havikuuacha salama. Akabaki yatima angali kijana, akajifunza ngoma kisha gitaa, akazunguka na bendi za mahotelini. Mwaka 1978 mjomba wake, Mzee Makassy, alimwita Dar es Salaam ajiunge na Orchestra Makassy. Alifika wakati mbaya: mwaka huo huo Idi Amin aliivamia Kagera, na baada ya vita Tanzania iliingia katika miaka ya foleni za sukari, sabuni na unga.

Makassy alipohamia Nairobi, Remmy alibaki, akaingia Matimila, ambayo baadaye ikawa Super Matimila. Angeweza kuimba Kilingala na kulilia Kongo, kwa kuwa soko lilikuwepo. Badala yake aliimba Kiswahili, na mtu aliyemlilia alikuwa maskini, awe wa Kindu au wa Manzese. Aliimba juu ya kifo kinachochagua vibaya, juu ya ubaguzi, juu ya mtu asiye na mtetezi. Mwaka 1988 alialikwa kwenye matamasha ya WOMAD, na mwaka uliofuata lebo ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel ikatoa albamu yake, Songs for the Poor Man. Alipotoa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu wakati UKIMWI ukiua watu kimya kimya, Radio Tanzania haikuupiga. Watu waliutafuta kwenye kaseti.

Remmy alichukua uraia wa Tanzania na akafia Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kituo cha daladala karibu na alikoishi kinaitwa Sinza kwa Remmy, na makondakta wanalitaja jina hilo mchana kutwa, wengi wao bila kujua kwamba mwenye jina alizaliwa ng'ambo ya ziwa.

Kule alikotoka, mambo yalikuwa yanafika ukingoni. Septemba 1991 wanajeshi ambao hawakulipwa ipasavyo walipora Kinshasa na miji mingine. Januari 1993 serikali iliwalipa kwa noti mpya ya zaire milioni tano. Wenye maduka wakaikataa, askari wakarudi mitaani kupora tena, na balozi wa Ufaransa akauawa katika ghasia hizo. Noti yenye sufuri sita na isiyonunua kitu iliwaonyesha watu hali ya nchi yao kuliko hotuba yoyote ya upinzani.

Tabu Ley, aliyekuwa amepiga katika ukumbi wa Olympia wa Paris mwaka 1970 akiwa fahari ya taifa, sasa aliimba kwamba imezidi. Albamu yake, Trop, c'est trop, ikapigwa marufuku, naye akaishi uhamishoni, kwa muda fulani huko California. Mobutu alipoangushwa Mei 1997, Tabu Ley alirudi, akaingia siasa na hatimaye akawa naibu gavana wa Kinshasa. Huo ni ushahidi kwamba aliyekatishwa tamaa na nchi si lazima awe amekata shauri la kuiacha.

Kwa vijana waliobaki, bendi ikageuka njia ya kutokea. Vikundi vilivyoomba viza za kwenda kupiga Ulaya vilikuwa na orodha ndefu za wanamuziki na wacheza shoo ambao hawakuwahi kushika ala wala kupanda jukwaani. Wakifika Paris au Brussels, walipotea. Kinshasa waliitwa ngulu. Papa Wemba, mfalme wa mavazi na kiongozi wa Viva la Musica, alikamatwa Ufaransa mwaka 2003 kwa biashara hiyo, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani. Wapo nyumbani waliomwona mhalifu. Wapo waliomwona mtu aliyewapa watoto wa watu kile ambacho serikali ilishindwa kuwapa. Aliporomoka jukwaani Abidjan Aprili 2016, akafariki, na Kinshasa ikamzika kama shujaa.

Kuna Wakongo walioikataa faraja hiyo kabisa. Miaka ya utawala wa Joseph Kabila, wanaharakati wa ughaibuni waliojiita wapiganaji walizuia maonyesho ya wanamuziki wa Kinshasa katika miji ya Ulaya. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza: mashariki mwa nchi watu wanachinjwa, na ninyi mnawaimbia wakubwa kwa kutaja majina yao ndani ya nyimbo ili mlipwe. Ukumbi kwa ukumbi, tamasha kwa tamasha, walifanikiwa. Mwanamuziki Fally Ipupa alipopiga katika ukumbi wa Bercy, Paris, tarehe 28 Februari 2020, nje pikipiki na magari yaliteketea karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon, na polisi wakapambana na waandamanaji huku ndani ya ukumbi watu wakicheza. Wote, wa ndani na wa nje, walikuwa na uchungu wa nchi ile ile. Hoja ya wapiganaji haijajibiwa vya kutosha mpaka leo, kwa sababu ni kweli kwamba chemko limewahi kufunika kilio, na ni kweli kwamba wapo walionufaika kwa kufunika huko.

Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville. Serikali zilipongezana. Mjini Kinshasa walikuwapo wanamuziki wazee wa bendi kubwa walioishi bila pensheni na bila mirabaha.

Kazi ya nyimbo hizo, hata hivyo, haijaisha, na mfano wa karibu zaidi haukutoka Kongo. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa Kenya, wakipinga muswada wa fedha, waliingia bungeni Nairobi. Waandamanaji wakapigwa risasi na kuuawa, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Waliodhani wametupwa mkono na nchi yao walitafuta pa kupumulia. Kuelekea mwisho wa mwaka wakalipata jina jipya la kumtania rais, Kasongo, na pamoja nalo wimbo wa kulichezea.

Wimbo wenyewe ni wa Super Mazembe, wa mwaka 1977: mwanamke anamsihi mumewe arudi nyumbani. Hauna siasa hata kidogo. Ulipigwa Nairobi na watu waliokuwa wameiacha Zaire, ukarekodiwa miaka 47 kabla ya vijana wa Kenya kuutia kwenye simu zao, na wengi wa walioucheza hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Hawakujua Kilingala, na hawakungoja kutafsiriwa.